Mchungaji, nikianza kumwabudu Mungu maneno yananiishia

Swali: "Shalom Mchungaji. Nimeokoka, huu ni mwaka wa kumi na moja, na ninapenda maombi. Shida yangu ni kuabudu. Tunafundishwa kwamba kabla ya kuomba tuanze kwa kumwabudu Mungu. Nikipiga magoti nasema, 'Bwana nakuabudu, nakutukuza, wewe ni mkuu, wewe ni Alfa na Omega,' na baada ya dakika mbili maneno yamekwisha. Nikiendelea narudia yale yale, na moyoni naona aibu, kama mtu anayemsifia tajiri ili afunguliwe mkoba. Je, kweli Mungu anahitaji sifa zangu? Halafu kuna jambo jingine. Mama yangu yuko kitandani, mwezi wa nane sasa, hawezi hata kugeuka bila kusaidiwa. Nikifika kwenye 'wewe ni mwema' ulimi unakuwa mzito, naona kama nadanganya. Nifanye nini?"

Jibu: Dada yangu mpendwa, shalom. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale unaposema ulimi unakuwa mzito. Nitafika hapo, wala sitapapita juu juu. Lakini niruhusu nianze na ile aibu.

Aibu yako ina akili ndani yake. Mtu anayemsifia tajiri ili afunguliwe mkoba, Waswahili wanasema anamvisha kilemba cha ukoka. Sifa zinaweza hata kuwa za kweli, ila msifiaji hazimhusu. Macho yake yako kwenye mkoba. Ukiona maombi yako yameanza kufanana na hilo, usiunyamazishe moyo unaokuonya. Nimesikia kwa masikio yangu mafundisho kwamba sifa ni funguo, kwamba mtu akimwabudu Mungu vya kutosha Mungu atalegea na kuachia alichokuwa amekishika. Mafundisho hayo yanamfanya Mungu kuwa bwana mkubwa anayependa kupambwa, na kuabudu kunageuka hongo ya maneno. Yaweke kando kabisa, dada. Yamewachosha watu wengi.

Kama anahitaji sifa zako, swali hilo Maandiko yameshalijibu. Katika Zaburi ya 50 Mungu anasema na watu waliofikiri kwamba sadaka zao zinamshibisha, anawaambia: "Kama ningekuwa na njaa singekuambia wewe, maana ulimwengu ni wangu na viujazavyo." Paulo naye aliwaambia watu wa Athene, pale Areopago, kwamba Mungu hatumikiwi kwa mikono ya wanadamu kana kwamba anahitaji kitu. Siku usipomwabudu hapungui. Siku ukikesha ukimwabudu haongezeki.

Basi kwa nini tuabudu? Tazama wale maserafi wa Isaya 6. Hawakuwa na ombi, na Mungu hawakuwa wakimpa habari asizozijua. Tena ukisoma kwa makini utaona hata hawakuwa wakisema naye moja kwa moja: waliitana, kila mmoja na mwenzake, "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu, ni BWANA wa majeshi." Wameona, na waliyoyaona hayakai kifuani. Isaya aliyesimama hapo chini hakuimba. Alisema, "Ole wangu!" Kwa mara ya kwanza alijiona alivyo, mtu mwenye midomo michafu, kwa sababu kwa mara ya kwanza alimwona Mungu alivyo. Mambo hayo mawili huja pamoja. Mimi si Mkatoliki, lakini napenda sana namna Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inavyolisema jambo hili, katika namba 2628: kuabudu ni msimamo wa kwanza wa mwanadamu anayekiri kwamba yeye ni kiumbe mbele ya Muumba wake. Sisi ndio tunaokaa upande tusipoabudu. Mtu asiyeinama mbele za Mungu ataliinamia jambo jingine: fedha, hofu, maoni ya watu, au ugonjwa wa mama yake.

Lugha yetu nayo inajua siri hii. Kuabudu na kusujudu yote yametujia kutoka Kiarabu. La kwanza limebeba maana ya kutumikia, kama mtumwa kwa bwana wake, na la pili ni kuinama mpaka paji la uso liguse chini. Katika Kiebrania cha Agano la Kale, neno linalotumika sana kwa kuabudu nalo ni la kuinama hadi nchi. Kwa hiyo kabla hata hujafungua kinywa, umeshaanza. Magoti yako yameshasema kitu. Nakutajia hili kwa sababu katika makanisa yetu mengi tumezoea kwamba nyimbo za haraka ni sifa na za polepole ni kuabudu, mpaka mtu anaona hajaabudu kama hakuimba, au hakulia. Nyimbo ni njema, ziimbe. Lakini kuabudu kulikuwako kabla ya kinanda.

Tofauti ya kushukuru na kuabudu nitaipitia haraka, maana vitabu vingi vinaitenganisha mno. Ukishukuru unatazama alichotenda. Ukiabudu unamtazama yeye mwenyewe. Katika maombi halisi vitu hivi viwili vinaingiliana kama maji ya mito miwili. Ule utenzi wa kale ambao Wakatoliki, Waanglikana na wengine huuimba katika ibada, "Utukufu kwa Mungu juu," una mstari usemao: "Tunakushukuru kwa ajili ya utukufu wako mkuu." Usome polepole. Shukrani hapo haitaji kitu chochote tulichopewa. Tunamshukuru Mungu kwa kuwa Mungu.

Sasa nije kwenye maneno yanayokwisha. Hapa nitakaa.

Nadhani umefundishwa, au umejifundisha mwenyewe, kwamba ukipiga magoti kazi yako ni kutoa: utoe sifa, utoe maneno mazuri, utoe hisia, kutoka ndani yako. Mtu akichota kisimani ambamo hakuna chemchemi, atachota dakika mbili na ndoo itagonga mawe. Katika Biblia kuabudu karibu siku zote ni kuitikia. Mungu husema kwanza, au hujionyesha kwanza, ndipo mtu huinama.

Soma Kutoka, kuanzia sura ya 32 mpaka ya 34, kwa mkupuo mmoja. Watu wametengeneza ndama wa dhahabu. Jambo linalonitisha hapo kila ninaposoma ni kwamba Haruni hakutangaza sikukuu ya mungu mgeni, alisema, "Kesho itakuwa sikukuu kwa BWANA." Walijua jina la Bwana, walikuwa na nyimbo, walikuwa na shangwe. Walichokosa ni kumsubiri Mungu aseme yeye ni nani, wakaamua kumtengeneza wenyewe. Baada ya balaa hilo Musa anapanda mlimani akiwa na ombi la ajabu: "Nakusihi unionyeshe utukufu wako." Mtu angetazamia mwanga, au moto, au tetemeko. Mungu anamjibu kwamba atapitisha wema wake wote mbele yake, na atalitangaza jina lake. Ameomba kuona, anaahidiwa kusikia. Kisha sura ya 34 Bwana anapita mbele yake akitangaza: "BWANA, BWANA, Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli." Na mstari wa 8: "Musa akafanya haraka, akainamisha kichwa chake hata nchi, akasujudu."

Akafanya haraka! Musa hakutafuta maneno. Aliyasikia.

Tena mstari wa 9, bado yuko chini, anaomba: uende kati yetu, utusamehe uovu wetu. Ombi limefuata palepale, halina aibu, na limejengwa juu ya yale aliyoyasikia punde. Amesikia kwamba Mungu ni mwenye huruma, anaomba huruma. Hapo ndipo tofauti na mkoba wa tajiri inapoonekana. Anayemsifia tajiri anatunga sifa ili apate anachotaka. Musa ameambiwa Mungu alivyo, na kwa kuambiwa hivyo amejua la kuomba.

Ile sentensi moja ya mlimani watu wa Mungu hawakuiacha tena. Iko katika Zaburi ya 86, 103 na 145. Inatajwa katika maombi marefu ya toba ya Nehemia 9, na katika wito wa nabii Yoeli. Kwa mamia ya miaka walikuwa wakirudisha kwa Mungu maneno aliyowapa yeye. Kwa hiyo kurudia si dhambi, dada. Zaburi ya 136 ina mistari 26, na yote 26 inaishia na "kwa maana fadhili zake ni za milele." Kinachochosha ni kurudia neno ambalo hukusimama hata mara moja kulisikia.

Wewe umetaja Alfa na Omega. Umewahi kukaa hapo? Ni herufi ya kwanza na ya mwisho za Kigiriki, na katika Ufunuo Bwana anajiita hivyo zaidi ya mara moja. Sasa weka hilo pembeni ya Zaburi ya 145. Katika Kiebrania zaburi hiyo imepangwa kwa alfabeti: mstari wa kwanza unaanza na herufi ya kwanza, wa pili na ya pili, hivyo hivyo mpaka ya mwisho, ingawa herufi moja imerukwa katika maandishi ya Kiebrania tuliyozoea. Daudi, mtu ambaye moyo wake haukuwa na uhaba wa nyimbo, alishika herufi kama mtu anayeshika kamba gizani na kutembea nayo hadi mwisho. Kama yeye alitumia kamba, wewe unaona aibu gani kufungua Biblia unapoabudu? Tumeingiwa na wazo kwamba maombi ya kweli ni yale yasiyo na maandishi. Mimi mwenyewe niliamini hivyo miaka mingi, na miaka hiyo nilikuwa mkavu kuliko nilivyowakubalia watu.

Nikuonyeshe ninavyofanya, kwa sentensi moja tu. Chukua maneno "si mwepesi wa hasira." Kiebrania kinasema neno kwa neno "mrefu wa pua." Kwao hasira ni pua kuwaka, pumzi kuwa ya moto; Mungu ni yule ambaye pumzi yake hukawia kupata moto. Nasoma, nanyamaza kidogo, kisha nasema naye, kwa maneno ya kawaida kabisa: "Bwana, wewe si mwepesi wa hasira. Mimi jana nilimfokea mtoto kwa ajili ya kikombe. Kikombe kilikuwa kimeshavunjika, na bado nilifoka, na nikaona uso wake ulivyobadilika. Wewe umeniona nikivunja mambo makubwa kuliko kikombe, tena nikijua. Hukunifokea. Ulinisubiri mpaka nikarudi mwenyewe. Hakuna aliye kama wewe." Hapo nanyamaza tena. Mara nyingine kunyamaza huko ndiko kuabudu kwenyewe, na maneno yote ya mwanzo yalikuwa njia ya kufika.

Umeona kilichotokea? Sifa moja ya Mungu imekutana na siku yangu moja. Toba imeingia yenyewe bila kuitwa. Shukrani imeingia. Na sikutafuta maneno. Neno "rehema" nalo jaribu vivyo hivyo. Limetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni uleule wa neno la Kiebrania la huruma katika tangazo lile la mlimani. Na katika Kiebrania mzizi huo ndio wa neno la tumbo la uzazi. Mungu alipojitaja kwa Musa, sifa ya kwanza aliyoitanguliza ina harufu ya mama na mwanawe. Wewe unayemgeuza mama yako kitandani usiku unaweza kukaa na neno hilo juma zima, na halitaisha.

Siku ukavu unapozidi, tumia Zaburi ya 103. Ina mistari 22 na haina ombi hata moja. Tena sehemu kubwa haisemi na Mungu, inasema na nafsi: "Ee nafsi yangu, umhimidi BWANA, wala usizisahau fadhili zake zote." Mwandishi anaishika nafsi yake begani na kuikumbusha. Hilo linaruhusiwa. Kama huwezi kumwambia Mungu kitu, iambie nafsi yako habari zake, kwa sauti, mpaka nayo igeuke kumtazama.

Onyo moja, kwa sababu nisingependa uchukue haya kama fundi anavyochukua nyundo. Ile sentensi ya Kutoka 34 iko pia kinywani mwa Yona, katika sura ya 4. Anaisema vizuri, bila kosa: nalijua ya kuwa wewe u Mungu mwenye neema, umejaa huruma, si mwepesi wa hasira. Na anaisema kwa uchungu, kama shitaka, kwa sababu Ninawi umesamehewa naye hakutaka usamehewe. Mtu anaweza kuwa na maneno yote sahihi ya kuabudu na bado akawa amekunja ngumi dhidi ya jirani. Isaya analia juu ya hilo, na Amosi naye, anaposema Mungu amezichoka kelele za nyimbo mahali ambapo haki haitelemki kama maji. Kwa hiyo ukiabudu asubuhi na mchana ukamdhulumu mtu, usishangae jioni maneno yakikukauka mdomoni. Hapo dawa iko kwa yule mtu, kamrudie.

Na ile kanuni kwamba ni lazima uanze na kuabudu? Ni desturi njema. Bwana mwenyewe alitufundisha kuanza na "Jina lako litukuzwe" kabla ya mkate. Kanisa la kwanza, Petro na Yohana walipoachiliwa wakiwa wametishwa na wazee, lilipaza sauti, na ukihesabu katika Matendo 4 utaona mistari mitano, kuanzia wa 24, inasema Mungu ni nani na amefanya nini. Ombi lenyewe ni mistari miwili. Tena hawakuomba vitisho viondoke. Waliomba ujasiri. Kumtazama Mungu kwanza kulibadili hata walichoomba.

Lakini ni desturi, dada. Si mlango wenye askari. Petro alipokuwa akizama hakuanza na kuabudu. Alipiga kelele, "Bwana, niokoe," na mara Yesu akaunyosha mkono wake. Kuabudu kulikuja baadaye, wakiwa wameshaingia chomboni na upepo umekoma: waliokuwamo wakamsujudia, wakisema, "Hakika wewe u Mwana wa Mungu." Kuna usiku ambao utaanza na "niokoe," na hakuna atakayekurudisha mwanzo wa mstari.

Basi nije kwa mama.

Unaposema "wewe ni mwema" na ulimi ukawa mzito, jiulize unasema nini hasa. Nina wasiwasi kwamba moyo wako unasikia: "Hali ya mama ni njema." Na moyo wako unakataa, na una haki ya kukataa, kwa kuwa hali ya mama si njema. Kuabudu hakukudai uuite ugonjwa jina zuri. Yesu alipokuwa akienda kaburini kwa Lazaro, akijua kabisa atakachofanya dakika chache baadaye, alilia machozi. Hakusema kifo ni kizuri. Unayemwabudu ndiye huyo aliyelia. Wema wake umekaa kwake. Hauhitaji kuonekana kwanza kwenye kitanda cha mama ndipo uwe kweli.

Tazama pia utaratibu wa Ayubu siku habari zilipomfikia. Alirarua joho lake. Alinyoa kichwa chake. Kisha akaanguka chini na kusujudia. Maombolezo hayakungoja ibada iishe, na ibada haikungoja maombolezo yaishe. Vilikuwa katika mwili mmoja, saa moja, mtu mwenye kichwa kilichonyolewa akiwa amelala kifudifudi. Zaburi ya 22 inafanya vivyo hivyo kwa maneno. Inaanza, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" na mistari miwili tu mbele inasema, "Na Wewe U Mtakatifu, uketiye juu ya sifa za Israeli." Haijajibu swali la mwanzo. Imeyaweka yote mawili mbele za Mungu, kilio na utakatifu, bila kulazimisha kimoja kimeze kingine. Ukitaka kuabudu bila kudanganya, fanya hivyo. Sema kilio chako chote kwanza. Kisha sema, "Na wewe u mtakatifu." Kama siku hiyo "mtakatifu" ndilo neno pekee unaloweza kulisema kwa ukweli, liseme hilo na usimame hapo. "Mwema" litarudi. Usilikokote.

Kama unaogopa kwamba shaka imekuharibia ibada, fungua mwisho wa Mathayo. Wale kumi na mmoja wako mlimani, Yesu amefufuka, yuko mbele yao: "Nao walipomwona, walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka." Magoti chini na shaka moyoni, kwa pamoja. Yesu hakuwatenga wenye shaka wakae upande. Aliwakaribia wote, akawapa kazi ileile moja.

Nimalizie na kitu nilichokiona mwenyewe. Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa niliyemtembelea miaka yake ya mwisho, baada ya kiharusi. Alikuwa ameongoza maombi maisha yake yote, mtu wa maneno mengi na mazuri. Kiharusi kilimwachia neno moja tu: "Baba." Nilikuwa nikimsomea zaburi, na kila nilipofika mwisho wa mstari alisema "Baba," akanyanyua vidole viwili vya mkono wa kushoto, ndivyo vilivyokuwa bado vinamtii. Mstari, "Baba," vidole viwili. Zaburi ya 145 tuliimaliza hivyo mara nyingi. Mwanzoni nilimwonea huruma. Baadaye nilianza kwenda kwake siku ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimekauka, kwa sababu pale kitandani kulikuwa na ibada.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unamtaja Yakobo alipokuwa karibu kufa, kwamba "akaabudu akiegemea kichwa cha fimbo yake." Ukirudi Mwanzo 47 unakuta kwamba aliinama penye kichwa cha kitanda. Kiebrania cha kale kiliandikwa bila irabu, na herufi za "fimbo" na "kitanda" ni zilezile. Wengine walisoma hivi, wengine vile. Vyovyote utakavyosoma, ni mzee asiyeweza tena kusimama peke yake, na Maandiko yanasema aliabudu.

Kwa hiyo jioni hii, ukishamgeuza mama na kumweka vizuri, kaa karibu na kichwa chake na ufungue Zaburi ya 145. Soma mstari mmoja kwa sauti ndogo. Nyamaza. Soma mwingine. Ukifika mstari wa 14, "BWANA huwategemeza wote waangukao, huwainua wote walioinama chini," usiharakishe. Usimlazimishe mama aseme kitu, wala wewe usijilazimishe. Kama mkono wake unaweza, ushike.